"Zote ni rangi ya uji tu," anasema mume wangu

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msomaji wako niko huku Iyumbu, Dodoma, tumehamia kwenye nyumba yetu mwaka jana, haijaisha ila tumo ndani hivyo hivyo. Sebule fundi aliipiga bluu mpauko ile ya chekechea, mi sikuwepo nilikuwa Singida kwenye msiba, narudi nakuta kazi imekwisha na fundi kashalipwa. Sasa tumepata hela kidogo nataka nipige ile rangi ambayo kila mtu anapiga siku hizi, si kijivu si krimu, greji sijui, fundi nilipomtajia akaniuliza dada gereji ipi hiyo, ya bajaji au ya magari. Nikaenda dukani na skrinshoti mbili za Pinterest, moja imeandikwa Agreeable Gray nyingine Accessible Beige, kijana akanichanganyia kopo dogo dogo, ya tatu nikachagua mwenyewe kwenye kadi zao, haina jina ina namba tu. Nimezipaka ukutani mistari mitatu. Asubuhi zote nzuri. Jioni ya kwanza inakuwa kama pichi, ya pili chapati kabisa, ya tatu jioni ndo inapendeza ila usiku tukiwasha taa inageuka kijani fulani kama kamasi, samahani kwa neno hilo. Dirisha kubwa liko magharibi, dogo kaskazini, na nimesoma mtandaoni kwamba chumba cha kaskazini kina mwanga wa baridi kwa hiyo nichukue rangi yenye joto. Tailizi ni krimu zina mishipa ya njano, makochi kahawia iliyoiva. Nje hatujaweka pevingi, ni udongo mwekundu na mwarobaini mmoja. Sebule ni mita 5 kwa 4, kwenda juu mita 3, ndoo moja itatosha? Mume wangu anasema zote ni rangi ya uji tu nichague yoyote tuendelee na maisha. Wiki ya tatu hii, dada, nishaanza kuziota.

Mama wa Mistari Mitatu, Iyumbu

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni na msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka, ya pili kwa sababu kila nilichokuwa nataka kukuuliza ulikuwa umeshakiandika humo humo, tailizi, dirisha, udongo, taa. Wengi wananiandikia "dada rangi gani nzuri ya sebule" basi, mstari mmoja, nami nabaki nimekodoa macho.

Kwanza mume wako usimgombeze. Kakupa darasa bila kujua. Zote ni uji, sawa, lakini we ni mtu wa Dodoma, unajua uji si mmoja. Chukua kikombe cha uji wa ulezi ukiweke pembeni ya uji wa uwele na pembeni yake uji wa lishe wa mtoto. Ukiulizwa rangi ya kila kimoja peke yake utasema kahawia mpauko, basi. Ukivipanga pamoja ndo unaona ulezi una wekundu ndani yake, uwele una kijivu kinachoelekea kijani, na ule wa lishe una unjano wa mahindi. Hizi rangi zako ni hivyo hivyo. Juu zinafanana, chini kila moja imeficha rangi nyingine, na hiyo iliyojificha ndo itakayokusumbua miaka yote utakayokaa kwenye hiyo sebule. Kwa hiyo swali lako usiliweke "ipi nzuri kati ya tatu". Jiulize ipi imeficha kitu kisichogombana na vile ambavyo huwezi kuvibadilisha kwako, na kwako vitu hivyo ni viwili, tailizi na ule mwanga wa jioni.

Sasa hizo skrinshoti. Hizo rangi mbili ni za Marekani kweli, za kampuni inaitwa Sherwin-Williams, Agreeable Gray ni namba SW 7029 na Accessible Beige ni SW 7036, na ni rangi zinazopendwa sana huko kwao. Kila rangi yao ina kipimo cha kuonyesha inarudisha mwanga kiasi gani, sifuri ni nyeusi tii na 100 ni nyeupe pepe. Ya kwanza ni 60, ya pili 58. Unaona sasa? Kwa mwangaza zimeachana pointi mbili tu, jicho halishiki hapo, ndo maana mumeo anaona uji. Tofauti yote iko kwenye ile iliyojificha, ya pili ina ubiji zaidi, yaani ule ukahawia mpauko, ya kwanza kijivu zaidi. Ila mdogo wangu, ulichonacho kwenye makopo yako si Agreeable Gray wala Accessible Beige. Kijana wa dukani alichanganya kwa kuangalia picha kwenye simu yako, na simu ukiongeza mwanga rangi inabadilika, ukiwasha ile ya kulinda macho usiku ndo kabisa kila kitu kinakuwa chungwa. Mashine ya kusoma rangi inataka kitu cha kushika, kadi, kitambaa, kipande cha plasta iliyopakwa. Halafu hata ungekuwa na fomula yenyewe ya Marekani, fomula ya kampuni moja ukiiweka kwenye rangi nyeupe ya kampuni nyingine inatoka kitu kingine. Kwa hiyo hayo majina yasahau. Ziite moja, mbili, tatu, kama ulivyozipaka.

Na hapo kwenye kuzipaka ndo umejitesa bure wiki tatu. Umezipaka juu ya bluu! Jicho likiona bluu kubwa, kila kitu kidogo kilicho jirani linakisukumia upande wa pili, na upande wa pili wa bluu ni chungwa na njano. Kwa hiyo chapati unayoiona kwenye namba mbili, sehemu yake inapikwa na ule ukuta wa chekechea. Ungekuwa na ukuta wa kijani ungeniandikia zote zina wekundu. Tena umezipanga zimegusana, basi kila moja inaisema jirani yake vibaya.

Fanya hivi. Siling bodi yako najua ilibaki vipande, hakuna nyumba mpya isiyokuwa na vipande vya jipsamu nyuma ya choo. Chukua vitatu, kila kimoja kama mkono kwa mkono, pitisha nyeupe kwanza, ikikauka paka rangi yako mara mbili ukiacha fremu nyeupe pembeni upana wa vidole vitatu, rangi isiguse kingo. Iache ikauke mpaka kesho yake, maana rangi ya maji ikiwa mbichi inadanganya, ikikauka inazidi kuiva kidogo. Afu simamisha kipande ukutani kimegusa tailizi, kimoja kimoja, vingine vifiche jikoni. Usikilaze chini, ukuta haulali. Kiangalie saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja na nusu jioni, na usiku taa zimewaka. Ukitaka kuona kilichojificha weka karatasi nyeupe ya A4 pembeni yake, utashtuka, wekundu au ukijani unajitokeza wenyewe.

Mimi nimejifunza hili kwa hela yangu. Chumba cha wageni kwangu Area C nilikichagulia biji dukani, chini ya taa ndefu nyeupe, saa nane mchana na haraka zangu, kumbe imeficha wekundu. Kwenye kadi ilikuwa mchanga wa pwani. Ukutani ikawa rangi ya ile plasta ya kubandika kwenye kidonda, chumba kizima, kuta nne, unalala ndani ya plasta. Shemeji yangu alipofika akaniuliza kama tunategemea mtoto wa kike. Ilikaa miaka miwili kwa sababu nilishaona aibu kumwambia mwenye nyumba mwenzangu kwamba ndoo nzima nimekosea.

Turudi kwako. Hiyo ya dirisha la kaskazini ni kweli, ila ni kweli ya London na Chicago. Kule jua la saa sita liko kusini kwao mwaka mzima, dirisha la kaskazini haliguswi sana ndo maana mwanga wake ni baridi, wa bluu bluu. Sisi hapa Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita kaskazini yetu, Desemba ndo linapita kusini, na hata likiwa kaskazini liko juu sana, paa likiwa limetokeza vizuri haliingii sana. Kwa hiyo hilo dirisha lako dogo lisikutishe, halina baridi ya huko, ushauri huo waachie wenyewe. Huku kwetu linaloamua ni mashariki na magharibi, nawe kubwa lako ni magharibi.

Na magharibi ya Dodoma we unaijua. Saa kumi na moja jua linaingia limelala, la chungwa, kiangazi lina na vumbi lake, na kabla halijafika ukutani limeshapiga kwenye uwanja wako wa udongo mwekundu likarudi ndani limebeba wekundu. Toka nje muda huo uangalie chini ya upenu, ile sehemu nyeupe ya siling ya nje, utaona imekuwa kama imepakwa chai. Mwanga huo huo ndo unaouogesha ukuta wako kila jioni, na jioni ndo mnakaa sebuleni, asubuhi mko kazini na shuleni. Kwa hiyo namba mbili mimi naifuta leo hii. Ina unjano wake, tailizi zina unjano wao, jua linaongeza chungwa, makochi kahawia, utakuwa umekaa ndani ya chapati kweli, tena ya maji. (Bibi yangu Mgogo alikuwa anasiliba tembe kwa udongo wenyewe, ukuta unafanana na nje bila senti tano, sisi tunaenda kuununua kwenye ndoo. Haya.)

Inabaki moja na tatu. Namba moja inageuka pichi jioni, maana yake imeficha wekundu kidogo, na jua linauchokoza. Namba tatu ni uji wako wa uwele, imeficha ukijani, na ukijani na wekundu vikikutana vinafutana, ndo maana jioni yenyewe ndo inapendeza kuliko zote. Si bahati hiyo. Jua na udongo wako vinaisawazisha.

Tatizo lake ni usiku, na hapo mi nashtaki taa kabla ya rangi. Angalia boksi la taa zako au pembeni ya balbu yenyewe, nakuwekea dau imeandikwa 6500K, ndo zinazojaa madukani, watu wanazipenda wanasema zinaangaza. Namba ikipanda mwanga unazidi kuelekea bluu, na zile za bei chee nyingi zina wekundu mdogo sana kwenye mwanga wake, hata nyama ukiitazama inaonekana imelala siku mbili. Ukiuweka mwanga huo kwenye rangi yenye ukijani lazima upate hiyo kamasi yako, samahani na mimi. Nunua balbu mbili tu za 3000K, au 4000K kama mzee hataki njano, ziweke hapo karibu na kipande cha namba tatu usiku mmoja. Ukijani ukiondoka umemaliza kazi, chukua namba tatu. Ukibaki, basi umo kwenye rangi yenyewe, na mchana mwarobaini wako utauongezea, na kwenye mvua uwanja ukiota majani itazidi, hapo rudi namba moja ukamwambie kijana aipunguze wekundu. Namba mbili usirudi hata kwa kusukumwa.

Na mkija kuweka pevingi za kijivu wekundu wa nje utapungua, ujue hilo mapema, ukuta utaelekea ukijivu kidogo. Sidhani kama utakukera.

Ndoo. Kuta zako kuzunguka ni mita 18, mara 3 ni mita za mraba 54, toa milango na madirisha tuseme inabaki 48. Ukipaka mara mbili ni 96. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta uliopigwa skimu ikawa laini inaenda kama mita 10, kwa hiyo ni lita 10 kasoro kidogo, chukua galoni 3 za lita 4 utabakiwa na ya kurekebishia watoto wakichora. Ndoo ya lita 20 fundi atakuambia ndo inayotosha, inatosha sebule na korido na nyumbani kwake. Ila bluu yenu ifunikeni na andakoti nyeupe kwanza, msiipige greji juu ya bluu moja kwa moja. Na hizo galoni tatu mwambie fundi azimimine zote kwenye ndoo moja kubwa azikoroge kabla hajaanza, maana galoni na galoni haziwi sawa kabisa, tofauti ndogo itaonekana katikati ya ukuta. Kama fundi wako ni wale wa kuchanganya kwa mkono, wa kudondoshea nyeusi kidogo, kahawia kidogo, anapaka tone kwenye ukucha wa dole gumba analipuliza likauke anakuonyesha "unaona dada?", wapo wanaojua kweli, siwabezi, nimewaona kazi zao, ila hiyo haitarudi tena ikiisha. Achanganye ya kutosha siku hiyo hiyo, au dukani kwa mashine na kile kibandiko cha namba kipige picha.

Usichukue inayong'aa sana, jua la magharibi likilala kwenye ukuta litaonyesha kila alama ya mwiko. Chukua ile yenye mng'ao mdogo, vumbi letu la mwezi wa saba na wa nane unalifuta kwa kitambaa kibichi.

SWALI: Mambo dada, mimi ni kijana nimepanga chumba kimoja Nkuhungu, dirisha moja dogo limetazamana na ukuta wa jirani. Mwenye nyumba kasema nipige rangi yoyote kwa hela yangu. Nataka greji iwe geto la kisasa. Ipi inafaa?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hapana. Greji inataka mwanga ndo iishi, kwenye chumba chenye giza inakuwa simenti, watu watakuuliza unamalizia lini. Hizi za 55 mpaka 60 kwenye kile kipimo nilichomweleza dada hapo juu kwako ni nzito, tafuta nyeupe iliyochafuliwa kidogo tu, iliyo juu ya 75, ile ambayo kwenye kadi unadhani ni nyeupe mpaka uiweke kwenye karatasi. Siling iwe nyeupe kabisa. Ugreji uuweke kwenye pazia na shuka, siku unahama unaondoka nao, ukuta wa watu utauacha. Na kabla ya kununua chochote hakikisha hicho "yoyote" cha mwenye nyumba ni pamoja na yeye kutokupandisha kodi akiona chumba kimependeza, mi sijui wenye nyumba wa Nkuhungu ila nawajua wenye nyumba.

SWALI: Habari ya kazi dada, niko Manyoni, wiki ijayo naja Dodoma na mke wangu kaniagiza rangi inaitwa "topu" ya chumba cha kulala. Nimeuliza hapa mafundi watatu hakuna anayeijua. Ni rangi gani hiyo?

JIBU: Nzuri kaka. Inaandikwa taupe, ni neno la Kifaransa, maana yake ni fuko wa Ulaya, mnyama anayechimba ardhi kama fuko wa mashamba yenu. Rangi yenyewe si kijivu si kahawia, ndo hapo hapo, nyeusi zaidi ya biji na mara nyingi imeficha uzambarau kidogo. Lakini usije dukani na jina, utaonyeshwa kadi kumi na mbili zote ni topu na zote hazifanani na utachagua mwenyewe na utalaumiwa mwenyewe. Mwambie mama akukatie kipande cha kitambaa chenye rangi anayoitaka, au akupe mto wenyewe, uje nao kwenye begi. Wakikuchanganyia paka kidogo kwenye karatasi, subiri ikauke kabisa, toka nayo nje ya duka kwenye mwanga wa jua uilinganishe na mto. Usimpigie picha umtumie WhatsApp akuidhinishe, tumeshaliongea hilo hapo juu.